Kiti, Mbao, Pwani

Walimu wangu, wahifadhi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mliokuja kwa hiari na mliosukumwa: assalaam aleikum, hamjambo. Aliyenialika hapa Mombasa alitaka nieleze habari za shahada ya uzamili inayochanganya historia ya sanaa na kazi ya makumbusho. Nitafika huko. Niacheni kwanza nianze na kiti.

Zamani kidogo, nikiwa kibarua wa mkataba wa miezi 6 katika makumbusho ambayo sitaitaja jina, nilipewa kazi ya kuhakiki stoo. Kazi yenyewe haina siri: unafungua leja, unasoma mstari, unakitafuta kitu, ukikiona unatia alama. Siku ya tatu nikafika mstari uliosema hivi: "Kiti. Mbao. Pwani." Maelezo yaliishia hapo. Hapakuwa na jina la aliyekileta, wala mwaka, wala kijiji. Na mle stoo mlikuwa na viti 11, vyote vya mbao, vyote vya pwani.

Nikaviondoa vile vyenye namba, nikabakiwa na kimoja nyuma ya kabati, kimevikwa gunia. Nilipolivua lile gunia nikakaa chini. Kilikuwa kiti cha enzi, ambacho jamaa wa Lamu na Pate wangekitambua hata gizani: mbao nyeusi, mgongo umesimama wima, mikono mipana, mahali pa kuwekea miguu, na vipande vyeupe vilivyopachikwa kwa mistari. Kiti cha kumkalisha mgeni wa heshima. Sisi tulikuwa tumekiandikia maneno matatu.

Wakati huo nilikuwa na shahada ya historia, tena ya daraja nzuri. Mngeniuliza Pate ilipigana na nani, ningewajibu bila kukohoa. Lakini mbele ya kiti kile sikujua macho yaanzie wapi. Nikaandika pembeni, kwa penseli, "kizuri sana", nikafunga leja. Aibu ya maneno yale mawili ndiyo iliyonirudisha darasani.

Niliporudi kutoka masomoni nilikwenda kukitafuta. Nikakaa nacho asubuhi nzima, mimi na tochi na kioo cha kukuzia. Vipande vyeupe vya mkono wa kulia vilikuwa na mistari myembamba inayokatana kama wavu: hiyo ni pembe ya ndovu. Vya mkono wa kushoto vilikuwa na vidoa vidogo vyeusi, kama vitobo vya sindano: huo ni mfupa. Kwa hiyo kuna fundi aliyekitengeneza upya upande mmoja, siku ambazo pembe ama imekuwa ghali ama haipatikani. Kikalio kilikuwa cha kamba ya pamba, ila kona moja ilikuwa imesukwa upya kwa nailoni, ile ya mshipi wa kuvulia samaki. Yaani kiti ambacho watu hupenda kukiita cha wafalme kiliendelea kukaliwa katika nyumba ya mvuvi, akikipenda kiasi cha kukitia kiraka. Mguu mmoja wa nyuma haukuwa wa mbao ile nyeusi hata kidogo, ulikuwa mbao laini iliyopakwa rangi, na chini yake palikuwa na kijilima cha unga wa rangi ya biskuti. Mimi nastaajabu, wadudu wanakula.

Swali la vipande vyeupe ni la mwanahistoria wa sanaa. Swali la ule unga ni la mhifadhi. Asubuhi ile yote mawili yaliulizwa na mtu mmoja, amepiga magoti mahali pamoja. Mimi sijaona sababu nyingine yenye uzito ya kuyasoma mambo haya mawili katika shahada moja. Zile nyingine zilizomo kwenye vipeperushi vya vyuo, mtazisoma wenyewe.

Wazo hili lina umri. Paul Sachs, aliyeacha benki ya familia yake akahamia makumbusho ya Fogg ya Chuo Kikuu cha Harvard, alianzisha mwaka 1921 kozi ya kazi za makumbusho na matatizo yake, akaifundisha hadi 1948. Wanafunzi wake walisoma historia ya sanaa kama wenzao, lakini pia walitakiwa wavishike vitu na wapange maonyesho. Mmoja wao, Alfred Barr, alikabidhiwa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1929, akiwa na miaka 27. Uingereza nako, Chuo Kikuu cha Leicester kilifungua idara ya masomo ya makumbusho mwaka 1966. Tangu hapo zimezaliwa nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki mtu wa kwanza ninayemfikiria ni Margaret Trowell. Huyu ndiye aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na ndiye huyo huyo aliyekuja kusimamia Makumbusho ya Uganda. Asubuhi anafundisha kuchora, mchana anapanga vikapu na ngoma kwenye rafu. Alikuwa na mawazo ya wakoloni wa zama zake juu ya nini Mwafrika achore na nini asichore, hilo silifichi. Lakini vikapu vilikuwa ndani ya somo, na somo ndani ya vikapu. Aliyemfuatia pale makumbusho, Klaus Wachsmann, alikwenda mbele zaidi: aliwaajiri wanamuziki wazipige zile ala zilizohifadhiwa, ili mgeni asiondoke akidhani endongo, kinubi cha Waganda, ni pambo la ukutani.

Na hapa hapa Mombasa, baadhi yenu mmepita mbele ya mlango wake bila kujua, kulikuja kituo cha kufundishia watu wa makumbusho wa Afrika inayozungumza Kiingereza. Kilianzishwa mwaka 2000, kikizaliwa na PREMA, mpango wa kuzuia uharibifu wa vitu katika makumbusho za Afrika, ulioendeshwa tangu 1986 na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi. Ndugu yake, wa nchi zinazozungumza Kifaransa, alikuwa ameshafunguliwa Porto-Novo, Benin, mwaka 1998. Watu wa PREMA walikuwa wagumu. Kwao huanzi na maonyesho. Unaanza na stoo: kila kitu kiwe na namba, kila namba iwe na mahali, na mahali pawe pasafi. Wengi wa wakubwa wetu wa leo walipitia mikononi mwao, na mimi nimefunzwa na waliofunzwa nao.

Kama mtaniruhusu kujisifu kwa niaba ya bibi zetu, wao walitangulia wote hao. Ingieni nyumba ya kale ya mawe ya Lamu, mfike chumba cha ndani, mtazame ule ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, umechongwa kwa chokaa. Mle ziliwekwa sahani na bakuli za China. Mwenye nyumba ndiye aliyeamua ipi ikae kidaka cha katikati, ipi ishuke, na mgeni gani afikishwe chumba cha ndani azione. Hiyo nayo ni kazi ya makumbusho, ila hapakuwa na leja.

Haya, mwaka wenyewe ukoje. Uingereza shahada hizi kwa kawaida ni mwaka 1, kwingine huwa miaka 2. Muhula wa kwanza na wa pili ni madarasa, kisha tasnifu, na vyuo vingine hukuruhusu kutayarisha onyesho badala ya sehemu ya tasnifu. Upande wa historia ya sanaa mnasoma nadharia nyingi, nyingine tamu, nyingine zimeandikwa ili zisieleweke. Upande wa makumbusho mnaingia stoo mkiwa mmevua pete na saa.

Kazi ya kwanza niliyopewa kule ni kuandika namba juu ya kikombe. Nikacheka moyoni: mtu na shahada yake, anaandika namba! Ilinichukua saa nzima. Kwanza unatafuta mahali pasipoonekana kikombe kikiwa rafuni, lakini panapoonekana bila kukigeuza mara tatu. Unapaka tabaka jembamba la gundi iitwayo Paraloid B-72, unasubiri likauke. Juu yake unaandika namba kwa wino, herufi za kusomeka na mtu atakayekuja baada ya miaka 80. Ikikauka unapaka tabaka la pili. Siku ikihitajika kuiondoa, asetoni kidogo inaitoa yote bila kukigusa kikombe chenyewe. Humfanyii mwenzako jambo asiloweza kulifuta: kozi nzima ya uhifadhi ilikuwa humo, kwenye kitako cha kikombe.

Halafu ikaja siku ya leso. Mwalimu alitugawia vitambaa kutoka mkusanyo wa kufundishia, mimi nikaangukiwa na leso, au kanga kama wasemavyo ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Kadi yake ilisema: nguo ya kujifunga, pamba, ya kuchapwa, Afrika Mashariki. Nikaikunjua mezani. Pindo nyekundu, korosho kwenye pembe za mji, yaani ile sehemu ya katikati, na chini kwa herufi kubwa: HASIDI HANA SABABU. Nikacheka kwa sauti, darasa zima likageuka.

Miaka yote ilipokuwa pale, hakuna aliyelisoma jina lake. Na jina ndilo leso. Nikaendelea. Kwenye ukingo, kwa herufi ndogo: K.H.E., MALI YA ABDULLA. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, wafanyabiashara wa hapa Mombasa tangu 1887. Basi ile "Afrika Mashariki" ya kwenye kadi imekwisha sogea ikawa mtaa mmoja wa mji huu. Jina limechapwa kwa herufi za Kirumi, na leso za mwanzo zenye maandishi zilitumia herufi za Kiarabu, kwa hiyo si ya zile za mwanzo kabisa. Na ilikuwa nusu. Leso huuzwa doti, mbili mbili, na hii ilikuwa na ukingo uliokatwa kwa mkasi, tena haukupindwa. Pacha wake yuko wapi? Nani aliitenganisha doti, na kwa nini hakuupinda ukingo? Mwanamke wa pwani anayeivaa leso huupinda ukingo. Nikaandika kwenye ripoti yangu: inawezekana haikuwahi kuvaliwa, ilinunuliwa dukani ikapelekwa moja kwa moja kwenye mkusanyo.

Tukatakiwa tuandike kibao cha maelezo, maneno 60 tu. Mimi nikaandika 212. Nilitaka kuweka mreno, mhindi, meli, chapa za mbao, viwanda vya nje, kila kitu. Kikarudi na mstari mwekundu kuanzia neno la 61. Nikaandika upya nikaacha jina, maana yake, nani humvalia nani, na alama ya duka. Mwenzangu mmoja Mwingereza akaniuliza, "Sasa hasidi mwenyewe ni nani?" Nikajua kibao kimefaulu. Msomaji akibaki na kiu ya kumjua jirani, umefanya kazi yako.

Leso yenyewe tukaitundika pale ambapo mwanga hauzidi lux 50, lux ikiwa ndicho kipimo cha mwanga, kwa sababu rangi ya nguo ikishafifia hairudi. Lux 50 ni hafifu, mgeni hunung'unika kuwa haoni. Anung'unike tu. Kuhusu unyevu wa hewa, vitabu vya zamani vinataka asilimia 50, na hapa Mombasa mwenye asilimia 50 labda ana jokofu. Nilichojifunza baadaye ni kwamba kupanda na kushuka kwa ghafla ndiko kunakopasua mbao kuliko unyevu uliotulia. Kiti kilichokaa Pate miaka mingi ukikitia chumba cha kiyoyozi, kiyoyozi kinachozimwa kila saa 11 jioni mhasibu akiondoka, utakiua mwenyewe. Kuta nene za mawe na madirisha madogo ya wazee zinafanya kazi ile ile bila bili ya umeme. Kwa wadudu wa nguo tunatumia friza: unaifunga nguo kwenye plastiki, inakaa kwenye baridi kali kama wiki 2. Lakini iwe friza ya makumbusho, jamani, isiwe ile ya samaki.

Sasa nije kwenye jambo zito, na hapa naomba mnivumilie.

Nimewasifia historia ya sanaa. Ina dhambi yake, na dhambi hiyo iko jirani yetu, kwa Mijikenda. Mnavijua vigango: ile miti mirefu iliyochongwa, kichwa mviringo, mwili umejaa pembetatu zilizokatwa kwa ustadi, husimamishwa kwa ajili ya waliofariki kutoka Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kigango kikishasimama hakihamishwi. Kinasimama mpaka kioze. Sasa wakaja watu wenye jicho zuri, jicho la kusoma umbo na mstari, wakasema: hii ni sanaa. Walisema kweli. Lakini kitu kikishaitwa sanaa hupata bei, na kikipata bei vijana wasio na kazi hupata panga. Vigango vikang'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vikavuka bahari, vikaishia sebuleni kwa matajiri wa Marekani na hatimaye kwenye makumbusho, vikiwa zawadi.

Makumbusho nayo ikafanya dhambi ya upande wake. Ikavipokea, ikavipa namba safi, ikaviweka penye unyevu mzuri, bila kuuliza vimetoka kwa nani. Namba ilikuwa sahihi. Swali ndilo lililokosekana.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vyote viwili vikaibwa. Miaka mingi baadaye, kwenye mkutano wa wataalamu, Udvardy akaona kwenye picha za mwenzake kigango anachokijua. Kimoja kilikuwa Illinois, kingine Virginia. Mzee alikuwa ameshafariki. Vyote viwili vilirudishwa, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa chake. Ushahidi ulikuwa ile picha. Mwaka 2014 makumbusho ya mambo ya asili na sayansi ya Denver ikatangaza kuvirudisha vigango 30. Vipo vingi ambavyo havina picha, na hivyo ndivyo vinavyoninyima usingizi.

Kule darasani somo hili lina jina refu. Mimi huliita nasaba ya kitu: nani alikitengeneza, kikatoka kwa nani kwenda kwa nani, kwa hiari au kwa mabavu. Wapwani hatuhitaji kufundishwa nasaba, tunaozana kwa kuulizana nasaba! Basi kiulizeni na kitu. Wapokomo wa Mto Tana wana ngoma yao, ngadji, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, na hadi leo iko kwenye mikusanyo ya British Museum, London. Watafiti wa Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Cologne na Frankfurt wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje. Kuorodhesha vitu 32,000 ni kazi ya leja, ya stoo, ya macho. Hotuba za kudai zinatolewa na wanasiasa, na ni sawa. Lakini anayemjibu yule wa kule akiuliza "mna ushahidi gani?" ni mtu aliyesoma haya ninayowaambia.

Ndiyo maana siwashauri msome nusu moja. Jicho peke yake lilikitia kigango bei. Leja peke yake ilikipa namba. Msomi wa uzamili huu anatakiwa awe mtu anayejitilia shaka kwa pande zote mbili.

Yaliyobaki ni ya haraka. Udhamini wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mzima Uingereza, lakini hutaka uwe umefanya kazi miaka 2, wanahesabu saa 2,800, na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka 2. Upo pia udhamini wa Jumuiya ya Madola. Kwa aliye na hofu ya baridi, Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kimefundisha stashahada ya uzamili ya makumbusho na urithi pamoja na watu wa makumbusho ya Robben Island tangu 1998. Popote mtakapoomba, msiende kabla hamjafanya kazi stoo. Kujitolea, kibarua, vyovyote. Mtu aliyekwisha kuhangaika na leja mbovu huenda kule na maswali. Ambaye hajahangaika hurudi na picha za theluji.

Na Kiswahili chenu msikiache uwanja wa ndege. Darasa lile lilikuwa na watu waliosoma Florence na Paris, na mimi ndiye pekee niliyeweza kuisoma leso.

Mshahara? Nilijua mtauliza. Mama yangu mkubwa aliuliza kabla yenu. Niliporudi alinitazama nikivaa koti jeupe na kushika brashi, akasema, "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kusomea kupangusa vumbi?" Nikamwambia ndiyo, mama. Mshahara ni wa kupangusa vumbi pia. Nafasi ni chache, tena za mkataba. Sitawadanganya.

Kiti kile bado hakina mwenyewe. Mstari wake kwenye leja sasa umejaa: pembe, mfupa, nailoni, mguu wa bandia, unga. Safu ya "kilitoka kwa" iko tupu. Fundi mmoja wa nakshi kutoka Lamu alikuja kukiona, akapitisha kidole chini ya mkono wa kushoto, penye ule mfupa, akanyamaza, kisha akasema mkato ule anaufahamu, ni wa mtu wa Siyu, kule kisiwani Pate. Atarudi kesho na mzee mwingine wakitazame pamoja.

Tunafungua stoo saa 3 asubuhi. Wanafunzi 6 wanaweza kuingia, mwalimu wenu atachukua majina. Vueni pete. Njooni na penseli, kalamu za wino zinabaki mlangoni.